Kiti cha Mjukuu Wako

Mama,

Shikamoo. Tangu tukuzike sijakuandikia chochote, na sijui kama barua zinafika huko uliko. Lakini leo nisipoyasema haya nitapasuka.

Mjukuu wako Hamza anatembea. Mguu uliovunjika umepona, kutwa anakimbiza kuku wa jirani hapa Rusimbi. Watu wakimwona wanasema bibi yake alimkinga kwa mwili wake. Wanataka kunipa moyo. Mimi naingia ndani nalia, maana siku ile ya ajali, kwenye njia ya Kasulu, aliyekuwa anaendesha ni mimi. Ulifungua mkanda wako ili usimbane mtoto mapajani. Nilikuona kwenye kioo, Mama, nikanyamaza. Ng'ombe wakakatiza, nikawakwepa, gari likaingia mtaroni. Wewe ukaenda. Mimi nikabaki na mkanda wangu kifuani.

Kabla ya safari nilikwambia tununue kiti cha mtoto. Ukacheka. "Mapaja haya yamelea watoto sita, leo yameoza?" Nani aliwahi kukushinda kwa maneno? Tukaondoka bila kiti.

Gari lilitengenezwa, lakini kwa miezi saba sikuligusa. Juzi nikachukua kadi ya kliniki ya Hamza, nikaenda Ujiji kwenye duka la vitu vya mtumba. Muuzaji akanitolea kiti chekundu, laini kama godoro la bibi harusi. Nikakivua kitambaa. Chini yake plastiki ina ufa kutoka begani hadi mgongoni! Eti, "Dada, ukirudisha kitambaa ufa hauonekani." Weee! Nilimpa maneno yake, Mama. Ungekuwepo ungenifinya ninyamaze. Nikachagua cha kijivu, sura mbaya lakini kizima, na kilo zilizoandikwa ubavuni zinalingana na za kwenye kadi.

Fundi mmoja wa Katubuka akakifunga siti ya nyuma, mtoto akielekea nyuma ya gari. Akakitikisa kwa mikono miwili, hakikucheza. Mimi nikamviringishia Hamza kitenge chako, nikafunga mikanda juu yake, nikijiona nimefanya la maana. Fundi akapitisha mkono, ngumi nzima ikaingia kati ya mkanda na kifua. "Mama Hamza, hapa umefunga kitenge, hujafunga mtoto. Gari likigonga, anachomoka." Nikakitoa kitenge, tukafunga upya.

Jana tulimpitia Mama Mdogo kule Kasingirima, twende wote Ujiji kwenye dua yako. Akakaa nyuma na Hamza. Hatujafika mbali mtoto akaanza kulia, analia mpaka sauti inakatika. Mama Mdogo akanyoosha mikono. "Mtoe bwana, nimpakate. Kwani tunakwenda Dodoma? Si hapo tu!"

Mama, mdogo wako ana sauti yako. Kwenye kioo ana hata paji lako la uso. Nikasimamisha gari kando, nikashuka, nikafungua mlango wa nyuma. Mkono wangu ulifika kwenye kifungo cha mkanda. Nusura nibonyeze, wallahi. Yule ni mtu mzima, amenibeba mgongoni, leo nimwambie nini?

Nikamwambia hapana. Nikamwomba na yeye afunge mkanda wake. Akanitazama kama nimemtukana. "Haya, mmeshasoma nyie." Hamza alilia mpaka Ujiji, na Mama Mdogo hakunisemesha mpaka dua ikaisha. Lakini sikusimama tena.

Nisamehe, Mama. Sikuombi msamaha kwa ajili ya wale ng'ombe. Naomba kwa kunyamaza kwangu, maana nilikuogopa kuliko nilivyokuogopea.

Pumzika sasa, Mungu akupe nuru huko uliko. Nakuahidi: ndani ya gari langu hakuna atakayempakata mwanangu. Hata leo ungerudi, ukaninyooshea mikono yako hiyo, ningekupigia magoti, ningelia, na ningekukatalia.

Mwanao,
Zuhura