Kata Nzima ni Michembe

9 Agosti

Kaka Bujiku,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mwakitolyo, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la duarani, humo shimoni mnamochimba dhahabu, kimekuachia. Sisi hatujambo. Mama anatembea, mguu umepungua kuvimba, anakusalimu sana na anauliza kama unakula. Barua nimempa Eliya wa bodaboda kwa sababu kwenye simu ungenikatisha, na leo nataka unisikilize mpaka mwisho.

Kaka, nimechoka! Unaukumbuka ule mpango wa kila kata kushika bidhaa moja ili mkoa uuze zaidi nchi za nje? Kata ya jirani ilipewa dengu. Kwetu afisa Cornel alipokuja mkutanoni, tulimkaribisha kwa michembe na karanga, kama tunavyomkaribisha mgeni yeyote. Akala, akavisifu viazi vyetu vya kukausha, akaandika michembe. Basi, ndiyo ikawa bidhaa yetu. Hakuna aliyebisha, eti si adabu kumpinga mgeni. Mbegu za dengu zikapelekwa kwa jirani, na wanunuzi wa dengu nao wakahamia huko huko.

Haya, tukakata viazi, tukaanika juu ya mawe. Mnunuzi wa Mwanza, Mama Violeth, alisema anataka vipande vyembamba, vikavu, vya unene mmoja, na kila nyumba ifunge gunia lake na kuliandika jina. Kuliandika jina! Wewe unamjua mama. Anakata vinene vile alivyofundishwa, na nani atamwambia? Wenzangu wa kikundi nao wana wakwe zao. Tukaona ni aibu gunia la mzee likataliwe hadharani, tukachanganya yote. Kumbe vile vinene vilikuwa na unyevu ndani. Mzigo ulipofika Mwanza wote ulikuwa umeota ukungu. Mama Violeth akapiga simu, akasema hataki kutusikia tena, na safari ya nchi za nje ikaishia hapo.

Sasa kata nzima ni michembe. Nikienda gulioni namkuta Ritha na michembe, Martina na michembe, hata fundi cherehani kaleta michembe. Nani amuuzie nani? Nilipomweleza Cornel, alisema tuongeze juhudi. Juhudi gani, jamani! Nilitamani nimpige na gunia.

Lakini kaka, lililonifanya nishike kalamu ni hili. Uliniachia shamba lako nipande dengu, ukasema zikivunwa utatoka duarani moja kwa moja. Mwezi wa sita nilikuambia zimetoa maua. Nilikudanganya. Shamba lote nilipanda viazi tangu Januari, kwa tamaa ya hizo nchi za nje, bila kukuuliza. Hakuna dengu hata punje. Mama hajui. Anahesabu siku za wewe kurudi, na nyumba yako ameshaikandika udongo upya.

Najua mimi ndiye niliyekuwa nikikulilia uache kazi hiyo, hasa tangu ardhi ilipomfukia mwenzako Magesa humo duarani. Leo mimi huyo huyo nakuomba usiache kwanza. Nisamehe, kaka.

Shemeji yako Amosi na watoto wanakuamkia. Kila ukishuka chini, tafadhali angalia zile nguzo zinazoshikilia duara kabla hujaingia.

Ni mimi mdogo wako,
Melania