Nati Uliikaza, Idrisi

Mjini, Meru
12 Novemba 1959

Mpwa wangu mpendwa Idrisi,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta huko Moshi ukiwa mzima, wewe na mkeo Kuruthumu na yule binti mliyempata baada ya Ramadhani. Mama yako Sharifa hajambo, ila magoti humsumbua wakati wa baridi. Mimi sijambo kwa kadiri ya mtu asiyeweza tena kufika msikitini kwa miguu yake. Kifua kimenikaba, na daktari ameacha kunitajia siku ya kurudi hospitali.

Mvua zimeanza vizuri. Mahindi yanaota hata kando ya njia ya Gakoromone. Duka la nyama analiendesha Jumaa, ambaye bado anakupimia mfupa na kukuapia kuwa ni mnofu.

Mwandiko unatetemeka kwa sababu nimekataa kuandikiwa. Walimu wa shule ya Kaaga walinifundisha kalamu nikiwa mdogo, na jambo hili lazima niliandike mwenyewe.

Unaikumbuka siku ya mto Thuci, mwaka wa hamsini na nne. Tulitoka Embu na mbuzi wa Umbeere, mimi nikiendesha, wewe fundi wangu ukiwa kando. Asubuhi ile ulikuwa umefungua bomba la breki, ukalisafisha, ukalifunga tena. Tulisimama Runyenjes, nawe ukaenda kuwaonyesha askari vibali vyetu. Nikainua ubao chini ya miguu yangu, nikakuta mafuta ya breki yamepungua. Madukani hayakuwapo. Nikaomba kipande cha sabuni kwa Wanja, yule mama wa chai, nikakiyeyusha katika maji, nikamimina mahali pa mafuta hayo. Madereva wengi tulifanya hivyo siku zile za uhaba. Wewe ulikuwa umenikataza mara mbili: "Mjomba, maji yakipata moto yanachemka, na breki inakuwa hewa tupu." Niliona haya kufundishwa na mtu niliyemfundisha kushika spana. Kwa hiyo uliporudi sikukuambia.

Mteremko wa Thuci ni mrefu. Katika kona ya tatu pedali ilizama hadi sakafuni. Nilikanyaga tena na tena, ikawa kama kukanyaga mkate uliolowa. Nikavuta breki ya mkono, ikatoa moshi tu. Nikarudisha gia hadi ya pili, injini ikapiga kelele na mbuzi wakapiga zaidi. Ukanipigia ukelele, "Bana ukingoni, mjomba! Mbavu za lori zitaungwa, zetu nani ataziunga?" Nikaligandamiza lori kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima, likakwaruza, likapunguza mwendo. Ukaruka na kigingi, ukakimbia sambamba na gurudumu, ukakisukuma chini yake. Tulisimama hatua kumi kabla ya kizuizi cha daraja. Njue, mmoja wa walinzi waliokisimamia, alikuwa amejitupa mtaroni kutukwepa, akavunjika mguu.

Mkubwa wao alipouliza ni nani aliyegusa breki mara ya mwisho, nilisema ni wewe. Nilisema huenda hukuikaza nati. Katika siku za Hali ya Hatari, serikali ilipoona waasi kila mahali, neno hilo lilitosha kuitwa hujuma. Walipokufunga mikono ulinitazama ukasema, "Nisamehe, mjomba, nilidhani nimeikaza."

Idrisi, uliikaza.

Saa moja baada ya kukuchukua, lori lilipopoa, nilikanyaga pedali ikarudi juu, ngumu kama kawaida. Nati ikilegea, breki hairudi yenyewe. Maji yakipoa, hurudi. Nilijua pale pale, na ninyi hamkuwa mmefika mbali. Lakini kibali changu cha kusafirisha mifugo kingefutwa kwa kuendesha lori bovu. Nikaja nalo hadi Meru kwa breki hizo hizo, nikanyamaza. Ulikaa kambini miezi kumi na sita. Ulipotoka ukahamia Moshi, ukaapa hutagusa gari la mtu tena, ukajifunza cherehani. Niliposikia kiapo hicho niliendelea kunywa chai yangu.

Nilipoamua kukiri, nilianza kwa kumwambia mama yako. Aliniuliza, "Kaka, Idi tano umekula pilau yangu, na koo halikukuwasha?" Tangu siku hiyo ananitumia uji kila asubuhi, lakini yeye mwenyewe haji. Ijumaa iliyopita nikabebwa hadi msikitini, nikasema yote mbele ya watu. Mkuu wa wilaya pia nimemwandikia na kutia sahihi, ili jina lako lisafishwe. Nakala imo ndani ya bahasha hii.

Imamu amenikumbusha nililolijua siku zote: haki ya Mungu husamehewa na Mungu, lakini haki ya mja iko mkononi mwa mja. Usinisamehe kwa kumhurumia mgonjwa. Ukihitaji mwaka, chukua mwaka. Nimemwagiza imamu kwamba nikifa kabla ya jibu lako, asiwaulize watu mbele ya jeneza, kama ilivyo desturi, nilikuwa mtu wa namna gani. Wanizike kimya.

Dada yako Rahema anakusalimu sana, na Jumaa pia. Mbusu binti yako kwa ajili yangu. Mwenyezi Mungu akulinde, awape nyote afya na riziki ya halali.

Ni mimi mjomba wako, niliyekudhulumu na ninayekupenda,

Suleiman Mwirigi