Panya wa Karakana

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeugonga ubao wa gitaa mara moja tu, nikasema, "Bado mnene," na binti yangu akarudi kukwangua kwa heshima. Sikio hili bado linasikia mchwa akikohoa!

Haya, uongo. Sikusikia kitu. Nilimtazama usoni, nikaona yeye mwenyewe hajaridhika, nikamrudishia mawazo yake kana kwamba ni yangu. Uzee una elimu yake, hata kwa mtu aliyetoroka darasa la nne.

Ubao wenyewe ni wa mfenesi. Ndiyo, mfenesi! Mbao za kuletwa na meli binti hazitaki tena. Magitaa yetu, anasema, yatoke kwenye miti inayoota hapa hapa, na ukikatwa mmoja ipandwe mitatu. Nilimwambia gitaa la mfenesi litakuwa na ulimbo, mpigaji akilishika halimwachii. Akacheka — kwa meno tu. Mti ulikuwa wa jirani, ulishaacha kuzaa. Umekaukia darini kwetu tangu mjukuu wangu hajajua kutambaa. Kifua cha gitaa, uso wake wa mbele, kinatoka kwenye ubao huu mmoja, hakuna mwingine mkavu. Akikwangua kidogo, gitaa bubu. Akizidisha, limekufa. Na mpiga gitaa anakuja Jumamosi ya wiki ijayo kuusikia ubao.

Nani wa kumwambia hapa simama? Mimi!

Jumanne, 5 Machi

Maneno ya watu nayasikia, hasa ya kunisema. Ila ule mlio mwembamba wa mwisho, unaobaki hewani kama harufu ya mwanamke mzuri aliyekwisha kupita — umekwenda. Mama watoto hajashtuka. Hiyo ndiyo faida ya kuwa mume mkaidi miaka yote: masikio yakifa, hakuna anayegundua.

Lakini nimepata njia! Nilimtuma binti nje akachemshe gundi. Nikauma ubao ukingoni kwa meno yangu ya mbele. Mawili juu, mawili chini, wengine walishastaafu. Nikagonga kwa kidole. Lo! Sauti ikapita jinoni, ikapanda tayani, ikaketi katikati ya fuvu. Mlio ule ule! Machozi yakanitoka. Vumbi la randa hilo.

Binti aliporudi nikamwambia: upande wa kushoto bado, kwangua unene wa unyoya mmoja tu. Akanitazama kama nabii. Nikajikuna kinabii.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa. Binti kaona alama ukingoni mwa ubao.

"Baba! Panya!"

Nikakubali upesi mno. "Panya. Tena dume."

"Mkate wako uko hapo mezani. Kwa nini auache ale ubao?"

Nikamwambia panya wa siku hizi hawana adabu ya kula.

Jioni kaleta paka wa jirani. Paka kazunguka karakana nzima, kanusa pembe zote, kisha kaja kuketi mbele yangu, kanikodolea macho. Mnafiki mkubwa! Nimempa dagaa anyamaze.

Gundi niliyomtuma binti achemshe wiki hii inatosha kubandika nyumba na wenyewe ndani.

Ijumaa, 8 Machi

Kuna mtego chini ya meza. Kidole gumba cha mguu kimeugundua. Sitaki kulizungumzia.

Jumapili, 10 Machi

Karakana imefungwa. Nimejilaza kwenye kiti cha kamba, mama watoto akaingia kufagia. Akakuta pera nililouma nikaliacha. Akalichukua. Akaliweka kando ya ubao. Akatazama hili, akatazama ule. Nikafumba macho.

"Mzee, huyu panya wenu ana pengo katikati?"

Nikakoroma.

"Na anakoroma."

Akaenda zake na pera. Ushahidi huo!

Sasa siwezi hata kula. Aibu siiogopi, tumezoeana. Naogopa baraza. Wakijua, watanitoa hapa kwa upole — baba umechoka, baba pumzika — wanikalishe barazani na redio nisiyoisikia, niwahesabu wapita njia. Hapa nina kiti changu, nina ubao wa kuubishia. Kule nitakuwa kama chombo kilichofunikwa kitambaa.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeingia kwa kunyata. Binti yuko mezani, kanipa mgongo. Ubao umelala mahali pake, na ukingoni pana kitu kipya: kijiti cha mfenesi ule ule, upana wa meno mawili, kimebandikwa kwa nukta ya gundi, kimepigwa msasa hadi kimekuwa laini kama kijiko cha mtoto.

Nikakipapasa. Naye hakugeuka.

"Nimemtengea panya pake," akasema. "Kitakatwa mwishoni. Ubao wangu asiuguse tena."

"Nitamfikishia," nikasema.

"Haya, mimi nakwenda kuchemsha gundi."

Na sufuria ya gundi ilikuwa pale pale mbele yetu, inatoa mvuke!

Akatoka. Vumbi la randa tena. Karakana hii ina vumbi baya.

Ijumaa, 15 Machi

Mpiga gitaa kaomba kusogeza, anakuja kesho kutwa. Afadhali. Ubao umeanza kuimba, lakini kuna mahali pamoja karibu na tundu la sauti panaguna kama mkwe aliyenyimwa chai. Mkwanguo mmoja au miwili tu. Zaidi ya hapo tumeuzika.

Na sasa, jino la juu la kushoto linacheza! Tangu asubuhi. Nikilisukuma kwa ulimi linapunga mkono.

Binti yuko nje na sufuria yake ya uongo. Amesimama kidogo, kisha kabisha hodi — kwenye karakana yake mwenyewe! — anauliza kama panya ameshamaliza. Nimesema bado.

Sikiliza, jino. Wenzako wengi niliwang'oa, wewe nikakuachia nyumba. Mganga wa meno alikuja na koleo, nikamuuma kidole kwa ajili yako. Mua umekula, mifupa umekula, hujalipa hata kodi. Leo ni zamu yako. Sikuombi utafune, wala upendeze kwenye picha. Nishikie hiki kijiti, kwa mkwanguo huu mmoja. Ukitaka kuanguka, anguka Jumatatu. Ila sasa hivi kaa, ndugu yangu, kaa kidogo —