Nimwambie Mzee Chuma Ukweli?

Shangazi mpendwa, naomba msaada wako kabla sijapasuka, maana nina furaha na nina hofu kwa pamoja.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, mkemia, na kwa miaka sita nimekuwa nikitafuta kichocheo, yaani kitu kinachounganisha vipande viwili vya kaboni ili vitengeneze dawa, na kazi hiyo kwa kawaida hufanywa na paladi, metali adimu na ghali kama dhahabu, lakini profesa wangu amekula kiapo kwamba chuma cha kawaida kinaweza, ndiyo maana maabara nzima tunamwita Mzee Chuma, na yeye mwenyewe anaitika. Ni huyu aliyenitoa kwenye ualimu wa sekondari akanivalisha koti jeupe, akanifundisha kufanya kazi mikono ikiwa ndani ya glavu ndefu za sanduku la kioo lisiloingiza hewa, na mimi kwake ni mtoto.

Basi miezi mitatu iliyopita ikakubali! Fuwele nyeupe pe, asilimia tisini na mbili ya tulichotarajia kupata, watu tukapiga kelele hadi mlinzi akaja na kizima-moto, na Mzee akanishika mabega akasema, "Mwanangu, sasa nastaafu kichwa juu." Makala tumeshaipeleka kwa wahariri wa jarida, na baada ya wiki mbili anasimama mbele ya mkutano mkubwa kuitangaza.

Sasa sikia. Jumanne nilisahau kutia chuma. Nikakumbuka baadaye, nikaenda kumwaga, nikakuta fuwele zimejaa! Nikakitazama kile kisumaku kidogo kinachozunguka chupani kukoroga, ni cha zamani, kina mikwaruzo, na ndani ya mikwaruzo kuna weusi wa paladi iliyotumiwa na watu waliotutangulia. Nikaweka kisumaku kipya pamoja na chuma: hakuna kitu. Nikarudisha cha zamani bila chuma: fuwele! Nimerudia mara tano, Shangazi, na mara ya tano nilicheka peke yangu kama mwehu, kwa sababu hicho kiasi hata mizani yetu haikioni, na kinafanya kazi ambayo wenzetu wanaitilia kijiko kizima.

Mwenzangu wa meza ya pili kaniambia, "Funga mdomo. Nani atakagua kisumaku?" Lakini silali. Nikisema, namvunja mzee wa watu. Nikinyamaza, je? Au nisubiri mkutano upite?

Mkemia Mwenye Siri

JIBU

Binti yangu, mimi kemia niliiachia kidato cha pili, siku nilipounguza sketi ya shule, lakini barua yako nimeisoma nimesimama. Hongera! Sasa kaa chini nikuseme.

Umerudia mara tano, kisha unaniuliza mimi? Jibu unalo tangu Jumanne. Unachotafuta ni mtu wa kukushika mkono. Haya, nimekushika. Huyo mwenzako mwepuke, ushauri wake una sumu kuliko vitu vyenu vya chupani. Wewe umekiona kisumaku, na mwingine mahali pengine atakiona, na siku hiyo mzee wako ataaibika mbele ya watu, huku akijua kwamba mtoto wake alijua. Hapo ndipo utakapokuwa umemvunja kweli. Mficha uchi hazai.

Nenda kesho asubuhi, kabla hajafungua kompyuta. Usimwandikie ujumbe. Mpe visumaku viwili, kipya na cha zamani, umwache afanye jaribio kwa mikono yake. Usilie, usiombe radhi kwa kusema kweli. Makala iondoeni kwa wahariri siku hiyohiyo. Na kile kicheko cha mara ya tano usikifiche, mwonyeshe nacho pia. Usimpelekee msiba, mpelekee kazi.

BARUA YA PILI, SIKU KUMI BAADAYE

Shangazi, nilikwenda. Alinisikiliza, akafuta miwani, akaifuta tena, akasema, "Lete." Alifanya jaribio mwenyewe, hakutaka hata nimshikie chupa. Fuwele zilipotokea alizitazama mpaka nikaogopa, kisha akasema polepole, "Miaka yote hii nakibembeleza chuma, kumbe bibi harusi alikuwa jikoni." Machozi yalimlengalenga, sitakudanganya. Halafu akawapigia wahariri simu tukiwa wote, akaiondoa makala kwa jina lake mwenyewe, akaniambia mkutanoni nitasimama mimi, nieleze kosa letu na tulichokikuta ndani yake.

Kisha akakunja mikono ya shati akauliza, "Paladi kidogo kabisa inayotosha ni kiasi gani?"

Hatujui! Hakuna anayejua! Jana tulipunguza mara kumi, ikafanya kazi. Leo tunapunguza tena.