Ule Alibakia ku Kiti

Kavira mujukuu wangu,

Nakusalimia: wavukire. Hapa Bulengera tuko bazima, na dada yako amezaa mutoto mwanaume mwenye sauti kali.

Unaniuliza: inchi ile unasomea, zamani haikutumaka basoda kwa bengine, leo inataka kubatuma huku Beni kuchunga amani. Eti tutabapokea?

Nilipokuwa kijana kule Mabalako, muchana moya nyumba ya jirani ilishika moto. Bamama bakapiga masufuria, batu bote bakakimbia na maji. Baba yangu akabakia ku kiti. Alisema anangojea ordre, ni kusema amri, ya chef wa kijiji. Mama alimunyima chakula mpaka alienda kuomba jirani musamaha.

Sasa huku Beni, kijiji ilishambuliwa, bamama bakapiga masufuria tena. Basoda bageni ba kuchunga amani, bale ba kofia ya bleu, hawakutoka ku camp. Kisha maziko, mukubwa wao akatuambia bila haya: «Tulisikia, mais ordre ilikuwa haiyafika.» Masikio yake inangojea nani?

Basi bakuje. Mais ubaambie mapema: baba yangu muzazi alilala njaa juu ya kungojea ordre. Bao ni banani, basilale njaa?

Ni miye mukaka, nyanya yako.