Ukifika Langoni Usiite

Nyanungu, Tarime
12 Agosti 2024

Kwako kaka yangu Kisyeri,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mguu haukusumbui tena kama Brayan alivyonieleza. Sisi huku nyumbani hatujambo. Mama anakula na kulala vizuri. Sasa hivi yuko uani anapepeta ulezi, wala hajui ninamwandikia nani. Mvua zilikatika mapema lakini mahindi tumepata, na yule ng'ombe wako mwenye pembe moja amezaa tena, ndama jike.

Naandika kwa karatasi kwa sababu nimesikia simu uliiuza. Brayan anarudi Chunya kwa basi la kesho asubuhi, na amesema haondoki bila barua hii mkononi. Hakusema kwa upole. Mbele utaona kwa nini ana haki ya kunifokea, ila acha nianze mwanzo, maana nikianzia mwisho utaichana.

Ulipokwenda machimboni nilikuwa kidato cha pili. Sasa nasoma filamu chuoni Mwanza, mwaka wa mwisho. Ndiyo, filamu, cheka umalize. Ili tuhitimu, kila mmoja alitakiwa kutengeneza filamu fupi. Chuo kinatoa kamera, mengine yote unajitafutia. Nikachagua ile hadithi ya bibi iliyokuwa ikikufanya ujifunike blanketi mpaka kichwani. Mtu kapotea, ndugu zake wakazika mgomba badala yake, halafu siku moja saa sita mchana akarudi, akasimama langoni akimwita mama yake. Bibi alikuwa akisema aliyekwisha kuzikwa haitikiwi, na anayemgeukia huondoka naye. Mwalimu wangu aliipenda mno. Alisema watazamaji wamechoka na majini ya kwenye majumba ya kifahari, wanataka ya shambani.

Basi nikaanza kutafuta pesa. Kaka, sijawahi kudharauliwa kiasi kile. Nilichapisha kadi za mchango kama za harusi, watu wakawa wanazigeuzageuza wakitafuta jina la bwana harusi. Mchungaji alisema kanisa haliwezi kuchangia mapepo, kisha akanishika kichwa na kuniombea mpaka shingo ikauma. Kerende kuna mnunuzi wa dhahabu aliyekubali kutoa zote peke yake, mradi mpenzi wake acheze yule mama, na asipakwe uzee wala asilie. Binamu yetu Verdiana, ambaye yuko hoteli ya watalii kule Ikoma, alinipeleka kwa meneja wake. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, halafu akauliza simba wataingia sehemu gani. Nikafungua kundi la WhatsApp, nikaingiza watu themanini na kitu. Kufika jioni tulibaki kumi na mmoja, na nadhani hao walikuwa hawajawasha data.

Aliyenifungua macho ni baba mdogo Waitara, tena bila kukusudia. Aliniambia huku akicheka kwamba watu wa hapa hawachangii picha, wanachangia ndoa na msiba. Na kwa kuwa kuolewa sitaki, basi ningoje afe mtu. Tukacheka wote. Siku hiyohiyo nikaanza kukufikiria wewe.

Miaka sita, Kisyeri! Tulisikia kuna shimo lilititia huko, na vijana wa Tarime walikuwemo, majina hatukupewa. Tangu hapo mama alikuwa anakaa kwenye lile jiwe karibu na zizi akitazama njia, chakula kinampoa mapajani. Ukoo ulishakaa mara mbili kuzungumzia kuzika mgomba ili apumzike, na mara zote mbili waliondoka kimya, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutamka kwamba umekufa. Safari hii nilitamka mimi. Mtoto wa kike nilisimama mbele ya wazee nikasema kaka yangu hayupo tena, tumzike. Nilisema vizuri mpaka nikajiliza mwenyewe.

Kumbe pesa zilikuwepo! Waliokataa kadi yangu walileta mahindi, mbuzi, maturubai na masufuria. Baba mdogo alitoa fahali. Mchungaji alitangulia kuliko wote, na kwaya juu. Wenzangu wa chuo, Oswaldi na wengine watatu, walikula na kulala kwetu bure kama wafiwa, na nauli yao ilitoka kwenye kapu la rambirambi. Kamera haikumshangaza mtu, maana siku hizi kila mazishi yana mtu wa video. Mama peke yake ndiye niliyemwambia kwamba picha zile zitaingia pia kwenye kazi yangu ya chuo, akasema sawa. Nikapata waombolezaji zaidi ya mia mbili, kaburi, jeneza, na mgomba uliofungwa kwa shuka lako la mistari. Sitakuficha, nilikuwa na furaha. Nilikuwa nyuma ya kamera nikiona kila kitu kimekaa pale nilipotaka kikae.

Kesho yake mchana nilimkalisha mama kwenye jiwe lake. Nilimweleza kwamba Oswaldi atasimama langoni amwite kwa Kikurya kama nilivyomfundisha, na yeye asigeuke, kwa kuwa hadithi inataka hivyo. Alikubali, kama anavyokubali kila ninachomwomba. Mara ya kwanza aligeuka. Mara ya pili akageuka tena, akaanza hata kuinuka. Nikamkumbusha maneno ya bibi, nikamwambia anayeita amekwisha kuzikwa na jana alimtupia udongo kwa mkono wake. Tulirudia mara saba. Mara sita aligeuka. Mara ya saba alitazama mbele tu, machozi yakamshuka hadi kwenye shingo na shingo haikutikisika. Nikasema imetosha, tumepata.

Tangu siku ile hakai tena kwenye jiwe. Nguo zako zimegawiwa, na kile kiwanja ulichopimiwa kujenga baba mdogo amempa mwanawe, ameshachimba msingi. Filamu tuliionyesha mwezi uliopita chuoni, watu wakapiga kelele za hofu, nikawa wa kwanza. Waamuzi walitoa pia cheti cha mwigizaji bora wa kike. Mwalimu aliuliza nimempata wapi mama yule, nikamjibu ni msanii wa kijijini. Cheti kina jina la mama kwa herufi kubwa, nimekificha chini ya godoro langu.

Mpaka hapa unaweza kusema tulikosea wote, tulidhani umekufa. Ndivyo wanavyodhani wenzangu. Mimi sikudhani.

Mazishi yalikuwa Jumamosi. Jumanne iliyotangulia, siku nne kabla, nilikutana na Brayan barabarani, natoka kuazima maturubai. Msukuma wa watu, hamjui mtu hapa, akaniuliza kwa mama yake Kisyeri ni wapi. Nilipomwambia mimi ni mdogo wako alinikumbatia. Akanipa salamu zako: kwamba shimo lilikuvunja mguu lakini u hai, kwamba unaona aibu kurudi na fimbo na mikono mitupu, kwamba mama asilie, utakuja Desemba. Akanionyesha na picha yako kwenye simu, umeegemea fimbo unacheka. Meno yaleyale.

Wakati huo fahali ameshafungwa kambani, nao wenzangu wako ndani ya basi wanatoka Mwanza. Nilimwambia Brayan kwamba mama ana presha, habari kubwa namna hiyo itamuua, nitamwambia mwenyewe polepole. Nikampa nauli ya kurudi. Niliitoa kwenye rambirambi, Kisyeri. Mjumbe wako alisafiri kwa mchango wa mazishi yako. Nimejaribu kujiambia kwamba nilichanganyikiwa. Sikuchanganyikiwa. Niliwaza kwamba mama amengoja miaka sita, miezi sita si kitu, na kwamba watu mia mbili sitawapata tena.

Nawe usijione malaika. Mama angekupokea hata ungeletwa kwenye machela. Ungempigia simu mara moja tu katika miaka yote hiyo, nisingepata nafasi ya kukuzika. Nina hasira na wewe, nina hasira na watu wa hapa waliouchangia mgomba wakaninyima mimi niliye hai, ila nikimaliza kuwakasirikia wote najikuta nimebaki peke yangu na ile picha yako unacheka.

Jana Brayan alipita tena, ameleta kitenge ulichomnunulia mama. Mama alikuwa shambani. Brayan aliona msalaba wenye jina lako akavua kofia, akidhani umekufa nyuma yake, yeye akiwa safarini. Kisha akasoma tarehe ya mazishi: Jumamosi ya wiki ileile aliyoniletea salamu zako. Hakunipiga, lakini alitema mate chini mbele yangu. Kitenge kiko chini ya godoro, pamoja na cheti.

Nimemwahidi nitamwambia mama wiki hii. Leo nimefungua mdomo mara mbili, mara zote mbili nikaishia kuomba chumvi. Kwa hiyo usitegemee kwamba nitakuwa nimesema. Wewe njoo, usingoje Desemba.

Kwa desturi hapa ningesema wote wanakusalimu, lakini huku hakuna ajuaye kwamba u hai ila mimi, kwa hiyo pokea zangu tu. Nisalimie wenzako wa kambini waliokuuguza. Na jambo moja, tafadhali, lishike: ukifika langoni usiite. Pita zizini, ingia mpaka alipo, umshike mkono kwanza ndipo useme. Ukiita atakusikia, kaka, na hatageuka.

Ni mimi mdogo wako,
Wegesa