Kuku Wafunguliwe Saa Nne

Mjukuu wangu Mwanaisha,

Huku tu wazima, alhamdulillahi, na mamako homa imemtoka. Waniuliza ufanyeje kuku wako wakutagie bandani, si vichakani.

Miaka ya themanini, hapa Mishomoroni, mwenye hoteli niliyekuwa nikimuuzia mayai alikuta yai bovu katika yale niliyookota vichakani, akaapa kutonunua tena kwangu akipata jengine. Babu yako akanambia, "Wafungulie saa nne, wakishataga."

Kulipokucha nikasimama mlangoni pa banda kuwachungulia. Nikatoka, nikarudi. Hakutaga hata mmoja. Babu yako akanishika mkono, akanikalisha kwenye mbuzi ya nazi, nikune. Nazi haijesha, kuku akatetea.

Basi watandikie majani makavu, kisha uwape mgongo. Mimi bado sijaweza: barua hii nimeiacha mara mbili kwenda kuwachungulia wangu.

Bibi yako